Sanduku la Baba na Neno la Siri

Baba yangu alikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani, ambalo lilikaa chini ya kitanda chake kule Bonga tangu nilipoanza kupata akili. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, barua za ndugu yake aliyekwenda vitani Burma asirudi, na karatasi nyingine ambazo sisi watoto hatukuzijua. Sanduku lilifungwa kwa kufuli dogo lenye funguo mbili. Ufunguo mmoja mama aliufunga katika pindo la kanga yake. Wa pili alikuwa nao shangazi yetu, dada wa baba, aliyeolewa Dareda, mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Utotoni nilijiuliza kwa nini ufunguo wa sanduku la Bonga ukae Dareda. Jibu nililipata mwaka 1987, baba alipofariki. Matanga yalipokwisha, shangazi aliutoa ufunguo wake, mama akautoa wa kwake, wazee wakaketi, na sanduku likafunguliwa mbele ya wote. Karatasi za shamba zilisomwa kwa sauti. Zile ambazo hazikuwahusu watu wengine shangazi alizikunja akamkabidhi mama bila kuzisoma. Hakuna aliyenung'unika.

Miaka mingi nililichukulia tukio hilo kama desturi tu ya wazee, mpaka mimi mwenyewe nilipokuwa na sanduku langu, nikalifunga vibaya mara mbili. La kwangu halikuwa la bati. Lilikuwa folda ndani ya kompyuta ya nyumbani, hapa Babati mjini. Naandika habari zake kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyepatwa na hayo, na kwa sababu historia ya kufuli hili la maneno ina mafunzo kwa mtu yeyote mwenye familia.

Kompyuta ilichelewa kuingia katika nyumba zetu, na kuchelewa huko kuna sababu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Haikupita miaka kumi mashine hizo zikaonekana kuwa balaa: mahesabu ya Serikali yalivurugika badala ya kunyooka, gharama zikawa kubwa, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo watu wa rika langu tulijifunza kazi ya ofisi kwa taipureta na karatasi ya kaboni, na wakati wenzetu wa nchi nyingine walikwisha kuzoea mambo ya maneno ya siri, sisi siri zetu zilikuwa bado katika kabati la chuma.

Hapa sharti niseme jambo moja juu ya taipureta. Nilikuwa karani kwa miaka mingi, nikachapa barua za kila namna. Taipureta haina kumbukumbu. Ukishaitoa karatasi yako na kaboni yake, umeondoka na siri yako. Kompyuta sivyo. Unaichapa barua, unaichukua karatasi, unazima, unakwenda kulala, na barua imebaki mle ndani ikimngoja yeyote atakayewasha. Tofauti hii ni kubwa, nami sikuifikiria kabisa.

Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, na Babati ikawa makao makuu. Mji uliokuwa kituo cha basi, soko na ziwa lenye viboko ukaanza kujaa ofisi, na pamoja na ofisi zikaja kompyuta. Nami mwaka uliofuata nilinunua Arusha kompyuta iliyokwisha kutumika. Kutoka Minjingu hadi Babati barabara ilikuwa bado ya vumbi, na kioo chake nilikipakata mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa. Niliiweka sebuleni, pale Maisaka, kwa kuwa ndipo soketi ya umeme ilipokuwa. Wanangu waliitumia, wapwa zangu waliitumia, na vijana wa majirani walikuja jioni kujifunza kuchapa. Nilifurahi kuona nyumba imejaa.

Mwaka 2004 binti wa marehemu dada yangu alinijia usiku. Alikuwa ameolewa si mbali na mjini. Alikuwa amepima akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza ugonjwa huo zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kutolewa bure nchini, na watu wengi hawakujua kama zipo. Aliniomba, "Mjomba, niandikie barua kwa kaka yangu Dar es Salaam. Mimi mkono unatetemeka." Nikaichapa. Kila kitu kilikuwamo: ugonjwa wake, hofu yake, na mashaka yake juu ya mumewe. Nikaihifadhi katika folda, na folda nikaipa jina lake.

Kijana mmoja kati ya wale waliokuja kujifunza aliifungua. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliona jina analolijua, akataka kuona. Lakini alisoma, naye akamwambia mwenzake. Wiki haikwisha habari ikawa sokoni, na kutoka sokoni ikafika kwa wakweze. Binti alirudishwa kwetu na nguo zake katika mfuko wa rambo. Hakunilaumu kwa maneno. Alikaa kwa bibi yake, mama yangu, kule Bonga kwa miezi michache, kisha akaondoka kwenda kutafuta maisha Dodoma, na kwa miaka mingi hakutaka kukanyaga nyumba yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kufuli. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua asili ya vitu, nilitafuta pia kufuli hilo limetoka wapi.

Neno la siri, ambalo siku hizi wengine huliita nywila na wengine nenosiri, ni la kale kama askari walinzi wa malangoni. Lakini katika kompyuta lilianza mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani. Kompyuta za wakati huo zilikuwa kubwa na ghali mno hata mtu mmoja hakuweza kumiliki ya kwake. Fernando Corbató na wenzake walibuni namna ya watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mafaili yake na saa zake alizogawiwa. Maadamu mashine ni moja na watu ni wengi, kila mtu akapewa neno lake la kujitambulisha. Tazama jinsi asili yake inavyofanana na sebule yangu: kufuli hili halikubuniwa kwa ajili ya maadui wa mbali, lilibuniwa kwa ajili ya watu wanaotumia kitu kimoja.

Tena lilivunjwa mapema. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa hapo hapo, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa hazimtoshi. Akaiagiza mashine impigie chapa faili lenye maneno ya siri ya watu wote, nayo ikatii, akawa anatumia saa za wenzake. Mwaka 1966 likatokea kubwa zaidi. Kwa kosa la wasimamizi wawili kufanya kazi kwa wakati mmoja, mafaili mawili yalibadilishana nafasi, na kila aliyeingia, badala ya kuona salamu za siku hiyo, aliona orodha ya maneno ya siri ya wote.

Aibu hizo zilizaa busara. Wataalamu walitambua kwamba kosa ni kuyaandika maneno hayo mahali popote kama yalivyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza njia yao waliyoitumia katika mfumo wa Unix. Mashine hailihifadhi neno lenyewe, bali hulisaga kwa hesabu ya namna yake na kuhifadhi kile kilichosagwa. Ni kama mahindi na unga: punje zile zile zikisagwa kwa kinu kile kile hutoa unga ule ule, lakini unga haurudi kuwa punje. Ukiingiza neno lako, mashine hulisaga tena na kulinganisha. Kisha wakaongeza kitu walichokiita chumvi, yaani herufi chache za kubahatisha zinazochanganywa kabla ya kusaga, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga mmoja. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana sikutegemea kukuta chumvi na unga ndani ya kompyuta.

Lakini busara hiyo ilikuwa ya mashine kubwa. Kompyuta ndogo za nyumbani zilitengenezwa kwa mawazo kwamba mwenye nyumba ni mmoja na mlango wa nyumba unatosha. Mimi sikulijua hilo. Niliweka neno la siri la kuwashia, nikalala usingizi mzuri kwa wiki mbili. Ndipo mwanangu wa darasa la sita aliponionyesha kwamba kile kisanduku cha kuombea neno ukibonyeza kitufe cha Esc kinaondoka, na kompyuta inafunguka. Katika Windows 98, mfumo uliokuwa katika kompyuta nyingi za nyumbani miaka ile, neno hilo halikuwekwa liwe kufuli. Kazi yake ilikuwa kumtambua mtumiaji ili kila mmoja akute mpangilio wake. Kosa lilikuwa langu kudhani kwamba kila panapoulizwa jina pana mlinzi.

Nikajaribu kuificha folda isionekane. Kuficha si kufunga. Anayejua pa kubonyeza anaiona, na vijana wanajua. Kisha nikaweka neno la siri katika barua zenyewe, moja moja. Hapo nilikuwa nimekaribia, kwa sababu njia hiyo huzivuruga herufi zenyewe. Lakini neno nililochagua lilikuwa "bonga". Fundi mmoja kijana nilimwita anisafishie mashine. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia kwa majivuno ajaribu kufungua. Akaweka disketi yake, na chai yake ikiwa bado ya moto akaniambia, "Mzee, neno lako ni kijiji chenu."

Alinieleza kwa hesabu. Neno la herufi tano ndogo lina uwezekano wa namna 11,881,376. Kwa binadamu ni nyingi, kwa mashine inayojaribu maelfu kwa sekunde ni kazi ya muda mfupi. Ukifikisha herufi nane, namna zinakuwa zaidi ya bilioni 208. Na kama neno hilo ni jina la kijiji, la mtoto au la timu ya mpira, hesabu yote haina maana, kwa kuwa mwenye kukufahamu hukisia. Hata kufuli za wakubwa zilishindwa kwa njia hiyo ya kujaribu. Kanuni ya kuficha maandishi iliyoitwa DES, ambayo Serikali ya Marekani iliikubali rasmi mwaka 1977, ilivunjwa mwaka 1998 kwa mashine iliyotengenezwa makusudi, katika saa 56. Mwaka 2001 ikaidhinishwa rasmi nyingine, AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Hiyo mpaka leo haijavunjwa kwa kujaribu funguo moja moja, nayo ndiyo iliyomo hata katika simu tunazotembea nazo mfukoni.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 2006 ambacho laiti ningekizingatia kingeniokoa. Mwezi Julai kampuni ya Microsoft ilitoa bure programu ndogo iliyoitwa Private Folder, ya kumpa kila mtumiaji folda moja yenye neno la siri. Ndicho hasa kitu tulichokitaka watu wa majumbani. Lakini baada ya siku chache tu iliiondoa. Wasimamizi wa kompyuta maofisini walikuwa wamelalamika: mfanyakazi akilisahau neno lake, nani atafungua? Wengi walilichukulia jambo hilo kama kichekesho. Mimi naona wasimamizi wale waliuliza swali ambalo baba alilijibu zamani kwa ufunguo wa Dareda.

Mimi sikuliuliza. Niliungua kwa barua ile moja, nikaapa kwamba hakuna mtu atakayesoma tena kitu cha nyumba yangu. Mwaka 2008 nilikuwa na kompyuta nyingine, nikapata programu yenye kufuli la kweli, nikatunga neno la siri refu lenye herufi, tarakimu na alama. Sikuliandika popote. Sikumwambia mke wangu wala mwanangu. Ndani ya folda hiyo niliweka mambo mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa maneno ya mama.

Mama alikuwa amezeeka. Kwa wiki kadhaa mwaka huo nilikwenda Bonga kila Jumapili na daftari, akinisimulia: habari za ndoa yake, njaa alizoziona, nani alipanda miti ipi katika mpaka upi. Jioni nilirudi mjini nikachapa, kisha daftari likijaa nalitia motoni, kwa ile hofu yangu. Mwisho mama alisema maneno ya pekee kwa mjukuu wake aliyekwenda Dodoma. Aliniambia, "Haya mpe yeye, si wewe. Siku atakayorudi umsomee." Nikayachapa, nikayafunga.

Mama alifariki mwaka 2010. Mwaka 2013 binti alirudi. Alikuwa mzima, anatumia dawa, ana duka dogo na mtoto wa kiume. Alikuja kuzuru kaburi la bibi yake, na baada ya hapo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akaingia sebuleni kwangu, akaketi. Akasema, "Mjomba, nimesikia bibi aliniachia maneno."

Niliwasha kompyuta mbele yake. Nikaandika neno la siri. Halikukubali. Nilikuwa sijaifungua folda ile tangu msiba, na mkono wangu ulikuwa na uhakika wa mwanzo wa neno lakini si wa mwisho wake. Nilijaribu mpaka usiku. Nilijaribu wiki nzima. Yule fundi, sasa mtu mzima mwenye ofisi yake, alichukua diski siku kumi akairudisha. Akaniambia kwa upole, "Mzee, safari hii ulifunga vizuri."

Msomaji ataona mkasa wenyewe ulivyo. Folda ya kwanza niliiacha wazi, nikamvua binti wa watu nguo mbele ya mji. Ya pili niliifunga hata mwenye haki nayo akanyimwa. Makosa hayo mawili yalimwangukia mtu mmoja, na yalitoka katika kichwa kimoja: nilidhani siri ni yangu kwa kuwa mashine ni yangu.

Siku hizi nchi ina sheria juu ya mambo haya. Katiba yetu, ibara ya 16, inaheshimu maisha binafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya aliyepimwa yatunzwe kwa siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia bila ruhusa katika kompyuta ya mtu. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni mambo mema. Lakini sheria hazikai sebuleni. Kijana aliyesoma barua ile alikuwa mgeni wangu, na aliyeiacha wazi nilikuwa mimi. Mahakama gani ingelitengeneza hilo?

Hata mababu wa neno la siri walibadili mawazo. Corbató mwenyewe, akiwa mzee, alikiri mwaka 2014 kwamba maneno ya siri yamekuwa jinamizi, kwa wingi wake. Na wataalamu wa viwango wa Marekani, ambao miaka mingi walihimiza maneno yenye alama za ajabu na kubadilishwa kila mara, mwaka 2017 walitoa mwongozo mpya: neno liwe refu na la kukumbukika, na lisibadilishwe bila sababu. Sentensi nzima ambayo wewe tu unaijua hushinda fumbo la herufi nane ambalo wewe mwenyewe utalisahau.

Kwa upande wangu nimejiwekea kanuni tatu. Siri ya mtu mwingine siiweki katika kompyuta kama hakuna haja, na ikiwepo haja naifunga siku ile ile. Kila kilichofungwa kina nakala mahali pengine. Na ufunguo hauwi mmoja.

Diski ile ninayo bado, imefungwa katika kitambaa, ndani ya sanduku la kijani la baba. Baada ya miezi kadhaa nilichukua kalamu nikaandika kwa mkono yale niliyoyakumbuka katika maneno ya mama, kurasa nne tu, nikiweka alama pale nisipokuwa na hakika. Nikapanda basi kwenda Dodoma kumpelekea. Alizisoma dukani kwake, wateja wakija na kuondoka. Alipomaliza alizikunja akazitia katika mkoba. Hakuniambia zimemtosha, nami sikumwuliza.

Kabla sijaondoka nilimpa bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani yake mna neno la siri la kompyuta ninayotumia sasa. Aliigeuza mkononi, akauliza, "Kwa nini mimi, Mjomba?" Nikamweleza habari za shangazi na ufunguo wa Dareda.